Mtoto wa kobayi: macho yake yako wazi, lakini bado ni mtoto



Juma hili tuongee juu ya mnyama mdogo anayejulikana katika majiko yetu mengi: kobayi. Ndugu zetu wa Bukavu wanamwita dende, na jirani zetu wa Tanzania wanamwita simbilisi. Tumekua naye. Wengi wetu tulitumwa na mama zetu kumkatia majani tulipokuwa bado tunasoma shule ya msingi. Ndiyo maana tunafikiri tunamjua. Lakini msimu wa mvua uliopita tulijifunza kwamba hatukumjua vya kutosha.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikimbia vita upande wa Oicha, akafika Butembo na watoto wake wanne. Jamaa moja ilimpokea, ikampa chumba kimoja na pembe ya jiko. Kikundi kikampa kobayi watatu, majike wawili na dume mmoja, kwa patano letu la siku zote: wakizaa, utarudisha majike wawili kwa mwenzako anayefuata. Tulichagua kobayi kwa sababu hadai shamba, na chakula chake kinapatikana kando ya njia. Tena, kama ni lazima kukimbia mara nyingine, anaingia ndani ya kikapu. Binti mkubwa wa mama huyo alikuwa katika mwaka wa sita wa sekondari. Mama alikuwa amekwisha kupiga hesabu: watoto wa kobayi wa mara mbili wangemsaidia kulipa sehemu ya pesa ya mtihani wa Serikali.

Majike wote wawili walizaa, watoto watano kwa jumla. Siku ya nane hakubaki hata mmoja.

Mama huyo alikuja kwenye mkutano wetu wa siku ya posho, akaketi nyuma, na zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ndogo: "Labda mkono wangu haufai kwa wanyama." Tukawauliza wengine: nani kati yetu amepoteza watoto wa kobayi katika juma la kwanza? Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine, hata ikapita nusu yetu. Sisi tunaoandika tulikuwa kati yao. Kumbe kila mmoja alikuwa akipoteza peke yake na kunyamaza, kwa sababu mtoto wa kobayi akifa hakuna matanga. Anatupwa nyuma ya nyumba, na kazi inaendelea. Tukaamua kutembeleana nyumba kwa nyumba, kuangalia, na kuwauliza wale waliosomea mifugo. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa nini anatudanganya

Mtoto wa sungura anazaliwa uchi na macho yake yamefungwa, kwa hiyo kila mtu anaona kwamba ni wa kuhurumiwa. Kobayi ni tofauti. Mama yake anabeba mimba siku nyingi, kati ya 59 na 72, na mara nyingi karibu siku 68. Basi mtoto anatoka akiwa na manyoya, meno na macho wazi. Saa chache baadaye anakimbia. Siku ya kwanza au ya pili unamwona anatafuna jani. Hapo sisi tunasema: huyu amekwisha kukomaa, anajitegemea. Tunamwacha.

Hilo ndilo kosa letu la kwanza. Mtoto huyo ana uzito wa gramu 60 hadi 100 hivi, karibu na yai la kuku. Anatafuna jani kwa kujifunza, lakini maziwa ndiyo yanayomshika. Akikosa maziwa siku tatu au nne za mwanzo, mara nyingi anakufa, hata kama majani yamejaa mbele yake. Anahitaji kunyonya majuma matatu. Akiwa anapata vizuri, kufikia juma la pili uzito wake unakuwa karibu mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Asiye na mizani amshike tu mkononi kila siku mbili: mifupa ya mgongo ikichoma vidole, mtoto huyo hanyonyi vya kutosha.

Mlishe mama, mtoto atashiba

Kobayi jike ana chuchu mbili tu. Anaweza kuzaa mtoto mmoja hadi wanne, hata zaidi mara nyingine. Wakiwa wanne wananyonya kwa zamu, na mdogo kuliko wote ndiye anayesukumwa. Kwa hiyo tukitaka kuokoa watoto, tuanze na sahani ya mama yao, tangu mimba ilipoonekana.

Kobayi anafanana nasi binadamu kwa jambo moja: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ni lazima aile kila siku katika majani mabichi. Akiikosa, viungo vinavimba, hataki kutembea, ufizi unatoa damu, na maziwa yanapungua. Katika nyumba kadhaa tulikuta jike mwenye mimba analishwa maganda makavu ya mahindi na mabaki ya bugali tu, kwa sababu mvua ilizuia watoto kwenda kukata majani. Tumbo lilijaa, lakini mwili ulikuwa na njaa.

Majani mazuri tunayo: ya viazi vitamu, lengalenga, ya mahindi mabichi, setaria tunayopanda kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko, majani ya karoti, maganda ya ndizi kidogo. Majani ya kabichi yasizidi, maana yanaleta gesi tumboni. Majani yaliyolowa umande au mvua yatandazwe kwanza penye upepo mpaka yakauke maji. Tumbo la kobayi likivimba, ni vigumu kupona, na mtoto ndiye anayetangulia kufa.

Kuna majani na maganda ya kuweka mbali kabisa. Majani ya avoka yana sumu kwake, ijapokuwa mti uko pale pale mlangoni. Vivyo hivyo majani ya viazi vya kizungu na viazi vyenyewe vikigeuka kijani, majani ya nyanya, na majani mabichi ya mihogo, yale tunayotwanga kuwa sombe. Wamama wa Beni, ninyi mna kakao karibu na nyumba: maganda yake si chakula cha kobayi. Chochote chenye ukungu kitupwe. Tena tusikate majani kando ya shamba lililopigwa dawa ya wadudu.

Na maji? Tulizoea kusema kobayi hanywi. Akiwa na majani mabichi mengi anaweza kuvumilia, lakini anayenyonyesha anahitaji maji safi kila siku. Tumia kibakuli kizito kisichopinduka, chenye kina kidogo sana, mtoto asije akazama.

Dume apumzike mahali pengine

Jambo hili lilitushangaza wengi. Saa chache tu baada ya kuzaa, jike anaweza kupandwa tena na kushika mimba. Kama dume yuko pale, mama ananyonyesha watoto hawa na papo hapo anabeba wengine tumboni. Mara ya kwanza anavumilia. Mara ya tatu amekonda, anazaa watoto wepesi, na maziwa ni haba. Wamama, sisi tunajua maana ya mwili ambao haupewi nafasi. Pia dume anapomfukuza jike siku ya kuzaa, watoto wanakanyagwa.

Kwa hiyo tumbo la jike likiwa kubwa, mhamishe dume kwenye sanduku lake, na umrudishe watoto wakishaachishwa. Nyumbani kwa mama yule wa Oicha, dume alikuwa ndani siku zote. Watoto wawili kati ya watano walikufa kwa kukanyagwa siku ya kwanza.

Baridi ya Butembo, joto la Beni

Miji yetu miwili iko karibu, lakini hewa si moja. Butembo iko juu milimani, kwenye mita 1,700 na zaidi, na usiku wa mvua sakafu ya udongo inakuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mtoto wa gramu 70 akilala juu yake akiwa amelowa, asubuhi utamkuta amekauka. Mwekee majani makavu au nyasi kavu nyingi, ubadilishe zikilowa, na uzibe upande unaoingiza upepo. Usimsogeze karibu na moto ili apate joto: moshi unaharibu mapafu yake madogo, na sufuria ya maji ya moto imewahi kuua zaidi ya mmoja katika majiko yetu.

Beni iko chini, na shida yao ni nyingine. Kobayi hana uwezo mkubwa wa kuvumilia joto, na jike mwenye mimba ndiye anayeteseka zaidi. Sanduku lisikae chini ya bati linalowaka mchana. Tafuteni kivuli, acheni hewa ipite, na maji yasikosekane.

Kwa pande zote mbili, sanduku la mbao au la mianzi lililoinuliwa juu ya miguu ni bora kuliko sakafu ya jiko. Ukitumia fito chini, nafasi kati yake iwe ndogo kuliko upana wa kidole chako kidogo, maana mguu wa mtoto ukinasa unavunjika. Panya, paka, mbwa na nyoka wanapenda mtoto wa kobayi. Kifuniko kizuri kinawazuia. Siafu ndio hatari ya msimu wa mvua, kwa sababu wanaingia usiku na hawaachi kitu. Wenzetu wengine wanaweka kila mguu wa sanduku ndani ya kopo lenye maji, na siafu hawapandi.

Mbinu moja ndogo imetupendeza sana: weka katika pembe kisanduku chenye tundu la kupita mtoto peke yake. Ndani yake weka majani laini kuliko yote. Wakubwa hawawezi kuingia, na mdogo anakula bila kusukumwa.

Mama akifa, tafuta mama mwingine

Majike wa kobayi wakizaa karibu siku zile zile na kuishi pamoja, wanakubali kunyonyesha watoto wa wenzao. Kwa hiyo mama akifa au maziwa yakikatika, usikimbilie chupa. Uliza kwanza jirani: nani ana jike aliyezaa juma hili? Msugue mtoto kidogo kwa majani ya kitanda cha mama mpya ili apate harufu yake, umweke kati ya wengine, uangalie saa moja. Katika kikundi chenye wamama kumi na watano, mara nyingi yuko mmoja mwenye jike wa namna hiyo.

Kama hakuna, basi mkono wako ndio utakuwa mama. Pasha maziwa ya mbuzi yawe vuguvugu, umpe tone kwa tone, kila baada ya saa mbili au tatu. Maziwa ya ng'ombe matupu yanaweza kumharisha. Mtoto akae wima kama anavyosimama. Usimlaze chali kama mtoto wetu, wala usimsukumie maziwa kwa nguvu, maana yataingia kwenye mapafu. Baada ya kunywa, pangusa taratibu chini ya tumbo lake kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu. Mama yake angemlamba hapo ili akojoe, na siku za mwanzo asipofanyiwa hivyo anaweza kushindwa. Majani laini yawe mbele yake tangu siku ya kwanza. Na ukimwona anakula mavi laini ya wakubwa, usimfukuze: ndivyo anavyopata vijidudu vizuri vya kumsaidia kusaga chakula.

Juma la tatu, wagawanye

Siku ya 21 ikifika, watoto waachishwe: madume kwa upande wao, majike kwa upande wao. Usichelewe. Jike mdogo anaweza kushika mimba akiwa na majuma manne au matano tu, kabla mwili wake haujakua, na baba wa mimba hiyo anakuwa kaka yake au baba yake. Hivyo ndivyo kobayi wetu wamekuwa wadogo mwaka hadi mwaka, na watoto wanazaliwa dhaifu. Mngoje jike afikie miezi mitatu hivi. Lakini usimngoje mno pia: asiyezaa mpaka miezi saba au minane, mifupa ya nyonga imeshikamana, na uzazi wa kwanza unaweza kumuua.

Dume mdogo usimpe dada zake. Mpeleke kwa mwenzako, naye akupe wa kwake. Kati ya Butembo na Beni kuna barabara ya kilometa 54 tu. Vikundi vyetu vinaweza kubadilishana madume wakati wa mikutano ya pamoja. Mgeni akae peke yake majuma mawili kwanza, tuone kama ni mzima.

Dawa na mikono

Hapa tunaomba msikilize sana. Tusimpe kobayi mgonjwa vidonge vya nyumbani. Penisilini, ampisilini na amoksisilini, ambazo tunazinunua kwa ajili ya watoto wetu, zinaua vijidudu vizuri vya tumbo la kobayi, naye anakufa kwa kuhara. Mmoja wetu aliua majike wanne kwa namna hiyo, akifikiri anawatibu. Muulizeni muganga wa wanyama. Butembo hatukosi waliosoma: Chuo Kikuu cha Graben kina kitivo cha uganga wa wanyama, na wengine wamesomea mifugo katika shule za ufundi.

Na mikono tuioshe, kabla na baada. Kobayi anaweza kuwaambukiza watoto wetu choa na magonjwa ya kuhara. Tulijifunza kunawa kwa uchungu mkubwa wakati wa Ebola, tangu ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Ndoo zile zenye bomba bado ziko majumbani mwetu. Tuzirudishe mlangoni. Mavi ya kobayi nayo tusiyatupe: ni mbolea nzuri ya lengalenga na vitunguu.

Tuhesabu kwa kalamu

Jike mmoja anaweza kuzaa mara nne kwa mwaka. Tuseme kila mara watoto wawili: ni wanane. Wakifa nusu, unabaki na wanne, na mwaka umekwisha bila faida. Ukiokoa sita, umelipa deni la majike wawili kwa kikundi, na wanne ni wako, wa sahani au wa soko. Faida hiyo yote iko ndani ya majuma matatu ya kwanza.

Huko milima ya Peru, ambako kobayi alianza kufugwa maelfu ya miaka iliyopita, wamama pia ndio waliomtunza jikoni, na mpaka leo ni nyama ya heshima kwenye meza ya wageni. Sisi si wa kwanza katika kazi hii, na hakuna aibu kuijifunza upya.

Mama yule wa Oicha alijaribu tena. Tulimtengenezea sanduku kwa mbao za mabaki, watoto wake wakapewa zamu ya majani, dume akahamishwa. Majike walizaa watoto sita. Mmoja alikufa siku ya pili, watano wakaishi. Pesa haikutosha kwa mtihani wote wa binti. Sehemu nyingine ilitoka kwenye sanduku la kikundi, kama deni. Lakini binti alifanya mtihani. Na posho iliyopita mama alifika na kikapu kilichofunikwa kwa kitenge, akakiweka katikati. Ndani yake walikuwa majike wawili wachanga wenye afya, deni lake kwa anayefuata. Safari hii hakuketi nyuma.

Kwa mkutano ujao, kila mama alete karatasi yenye hesabu tatu: wangapi walizaliwa, wangapi walifika siku ya 21, na waliokufa walikufa kwa nini. Tusifiche. Tuliyoyaandika leo yametoka kwa wale waliokubali kuinua mkono.